Nusu Digrii kwa Siku

Jumatatu ya tarehe tano Septemba 1966, saa mbili kasorobo asubuhi, Ardo aliwasha taa ya mafuta katika chumba cha mawe nyuma ya bohari ya zamani ya mifugo, pale mtaa wa Waberi, akaanza kupaka karatasi masizi. Kazi hiyo ilitaka mkono mtulivu. Karatasi nyeupe ilivishwa silinda ya shaba, silinda ikazungushwa polepole juu ya utambi unaofuka moshi, mpaka karatasi ikawa nyeusi tii na laini kama mgongo wa ndama mchanga. Kisha silinda ilirudishwa kwenye mtambo, sindano mbili zikashushwa juu yake, na kwa saa ishirini na nne sindano hizo zilikwaruza mistari myembamba myeupe ndani ya masizi. Moja iliandika jinsi ardhi inavyocheza kati ya kaskazini na kusini. Nyingine iliandika mashariki na magharibi. Karatasi ya jana Ardo aliichovya kwenye vanishi ili masizi yasifutike, akaitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

Ilikuwa na vitetemeko vitano, sawa na ya juzi na ya siku iliyotangulia.

Mtambo ule uliletwa Garissa mwezi wa Julai pamoja na mwenyewe, mtaalamu wa matetemeko, mtu wa bara, mwembamba, asiyependa kelele. Serikali ilitaka kujua kama ardhi ya huku itabeba daraja kubwa. Mji ulimwita Dhulgariir, neno ambalo kwa Kisomali ndilo tetemeko lenyewe, naye alilipokea jina hilo kama mgeni anavyopokea kikombe cha maziwa: hakuuliza kimetoka kwa ngamia yupi. Ardo alipata kazi kwake kwa sababu shule aliyokuwa akifundisha ilifungwa vita vilipozidi, na kwa sababu hakuwa msemaji. Alikuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha ualimu, na mbele za watu sauti yake ilitoka nusu, nusu nyingine ikabaki kifuani.

Mwaka ule kila mtu Garissa alimtilia shaka mwenzake, na asiye na shaka na mtu alitiliwa shaka kuliko wote. Ardo alipoingia dukani kununua sukari, mazungumzo yalikatika. Wanawake waliangalia vidole vyake vyeusi, wakasema ule ni wino, na kwamba huko bohari anaandika majina ya watu. Askari nao waliamini mtambo ni redio ya kuongea na mashifta, wale waasi wa msituni. Na Dhulgariir alimshuku kila mwenye miguu, maana vitetemeko vile vitano vilikuja kwa saa zilezile kila siku, na ardhi, kwa jinsi alivyoisoma miaka yote, haina saa.

Alianza na mlinzi wa mlangoni, mzee Rage, askari wa kikosi cha dubas, wale wa kilemba chekundu.

"Rage, leo saa kumi na moja na dakika tano alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa mlangoni, bwana."

"Ukifanya nini?"

"Naswali."

"Ulianguka?"

Rage alimtazama kwa huruma. "Bwana, mimi naswali miaka arobaini, sijaanguka hata siku moja. Kwani wewe unafikiri tunashuka namna gani? Kama gunia?"

Dhulgariir aliandika kwenye daftari kwamba mlinzi hakuanguka. Lakini saa zile zilikuwa saa za swala, zote tano, na akawaza kwamba huenda ni mji mzima ukisujudu pamoja ndio unaotikisa sindano. Hilo lilipimwa bila yeye kupanga. Ijumaa ya tarehe tisa gari lilikanyaga bomu kwenye barabara ya kaskazini, na Kapteni, mkuu wa kambi iliyokuwa juu ya mji, akatoa amri kwamba asionekane mtu nje toka alfajiri hadi kesho yake. Misikiti ilifungwa. Watu waliswali majumbani, mmoja mmoja, kwa kunong'ona. Sindano zilicheza vilevile, mara tano, kwa nguvu ileile.

"Basi si mji," alisema Dhulgariir, akafuta mstari.

Akamfundisha Ardo namna ya kuuliza swali linalofuata. Tetemeko likitokea, alisema, hutuma mawimbi mawili kwa wakati mmoja. Moja lina mbio, la pili lina uzito. Ukipima pengo kati ya kufika kwa la kwanza na kufika kwa la pili, unajua umbali. Ardo alimfafanulia Rage, ambaye kwa heshima alimwita adeer, yaani ami, na ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya hasikilizi.

"Ni kama ngamia wawili wametoka kisima kimoja, adeer. Mmoja mtupu, mmoja amebeba maji. Wakifika kwako wamefuatana, kisima kiko karibu. Wakifika wameachana, kisima kiko mbali."

"Hiyo ndiyo sayansi?" Rage aliuliza. "Hiyo hata mama yangu alijua, na yeye hajapata mshahara."

Pengo lilikuwa sekunde nane. Kila sekunde ni maili tano, maili arobaini. Dhulgariir alichukua bikari, akachora duara kuizunguka Garissa. Lakini duara ni duara, linasema umbali na kuficha upande, kwa hiyo akaomba vipimo vya mitambo miwili mingine iliyokuwa Wajir na Mandera. Mtu wa Wajir, Kerrow, alituma simu ya maandishi siku ileile. Ilikaa kambini siku nne. Ilikuwa na tarakimu bila neno hata moja, na Kapteni alisema karatasi ya tarakimu tupu ni siri ya mtu fulani. Ilipofika, pamoja na ya Mandera, kila tarakimu ilikuwa imepigiwa mstari wa kalamu nyekundu.

Maduara matatu yalikutana mahali padogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Palikuwa Laga Gaduud, bonde kavu la mchanga mwekundu lisilo kisima wala boma. Ramani ya miamba haikuonyesha ufa wowote pale.

Rage alisogea, akaangalia nukta ile. Hakusema utani. Alitoka nje, akafungua kilemba chake chote, akaanza kukifunga upya tokea mwanzo.

Moyo wa Ardo ulikuwa umeshafika huko. Ijumaa ya tarehe ishirini Mei, baada ya swala ya adhuhuri, ndugu yake Dagane alitoka mjini na wanaume wengine kumi kutafuta ngamia waliotawanyika, na njia waliyoishika hupita Laga Gaduud. Hakurudi hata mmoja. Mwezi wa Juni ilikuja barua ya serikali ikisema wote kumi na mmoja wamevuka mpaka wa Somalia kule Diff, wamejiunga na mashifta. Toka siku hiyo mama yao, Timiro, alikuwa mama wa shifta. Kila Alhamisi alikwenda ofisi ya serikali kutia dole gumba kwenye fomu kwamba mwanawe angali ng'ambo ya mpaka. Hakutaka kingine duniani ila kuambiwa mwanawe yuko wapi, ili kama ni mzima amsubiri, na kama amekufa azikwe. Ardo alikuwa ameahidi kujua alipo. Aliahidi kwa sauti yake ile ya nusu, lakini aliahidi.

Alasiri ile Dhulgariir alipokwenda kunywa chai, Ardo alichukua kioo cha kukuzia, akainamia karatasi ya asubuhi. Kwa macho matupu kila kitetemeko kilikuwa mkwaruzo mmoja. Chini ya kioo kilikuwa mikwaruzo kumi, imesongamana, imeanza pamoja na kuisha pamoja, kama safu ya watu. Kisha palikuwa na nafasi tupu. Kisha mkwaruzo wa kumi na moja, peke yake, umechelewa.

Aliangalia karatasi ya jana. Aliangalia za wiki nzima. Wa kumi na moja alichelewa kila mara, na alfajiri ndiyo alichelewa zaidi.

Alimwambia mama yake jioni, mbele ya jiko, kwa maneno machache, kwa kuwa hata ukuta wa udongo mwaka ule haukuaminika. Timiro alikuwa akipepea makaa. Hakuacha kupepea.

"Anachelewa kiasi gani?"

"Adhuhuri sekunde tatu, hooyo. Alfajiri sekunde saba."

"Huyo ni Dagane. Nimemwamsha miaka kumi na tisa. Mara ya kwanza anasema naam. Mara ya pili anavuta shuka. Mara ya tatu mpaka maji." Aliweka kipepeo chini. "Na wanatikisika kuelekea wapi?"

Ardo hakuwa amejiuliza hilo. Kesho yake mapema alirudi bohari akatandaza karatasi zote sakafuni, tangu ile ya kwanza ya Julai. Mwanzoni sindano ya mashariki na magharibi ndiyo iliyoruka sana, ya kaskazini na kusini ikigusa tu. Siku zilivyokwenda, ya kwanza ilipungua na ya pili ikakua. Kilichokuwa chini ya Laga Gaduud kilianza kimeelekea machweo, na kilikuwa kinageuka, kidogo kidogo, kuelekea kaskazini.

"Kibla," alisema Timiro alipoambiwa. "Kutoka huku kibla ni kaskazini. Aliyewafukia aliwalaza vibaya, na wao hawawezi kukaa hivyo." Akafikiri kidogo. "Wanafanya vizuri kwenda pamoja. Mtu akigeuka peke yake anachoka."

Siku mbili Ardo hakumwambia Dhulgariir. Alimwangalia kwa jicho la pembeni. Mtu huyu alikula na maofisa. Alikuwa mpole, lakini wapole alikuwa amewaona wengi, wakiwa na barua mifukoni. Siku ya tatu ni yeye Dhulgariir aliyefunga mlango, akaketi mbele yake na daftari.

"Binti, nimekushuku wewe mwezi mzima. Nilidhani unapiga mguu chini ninapotoka. Nikakaa hapa bila kutoka, ikacheza vilevile. Sasa nimeona saa hizi zinasogea na jua, dakika moja huku, dakika mbili kule. Ufa haufuati jua. Unajua ni nini?"

"Ni watu," alisema Ardo.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Wanageukia kibla."

Dhulgariir aliandika. Hakuinua kichwa. "Kina chao kifupi, nilikuwa nashangaa kwa nini. Futi nne hivi." Akapiga hesabu pembeni ya ukurasa, polepole, kama kawaida yake. "Wanakwenda moja ya kumi ya digrii kila swala. Nusu digrii kwa siku. Safari nzima kutoka machweo hadi kaskazini ni digrii tisini. Siku mia na themanini." Kwa pembe waliyokuwa wamefikia, alihesabu nyuma kwenye kalenda ya ukutani. "Walianza tarehe ishirini na mbili Mei."

"Waliondoka mjini tarehe ishirini," alisema Ardo.

Wote wawili waliitazama kalenda, maana kutoka Garissa hadi Diff, kwa miguu, na ngamia, si mwendo wa siku mbili.

Dhulgariir alihesabu mbele pia, kwa kuwa kazi yake haikuwa kusema lililotokea tu bali litakalotokea na hatari yake. Tetemeko la mwisho litakuwa Ijumaa ya tarehe kumi na nane Novemba, swala ya isha. Baada ya hapo ardhi ya Laga Gaduud itatulia. Akaanza kuandika ripoti, naye Ardo akawa anaipiga taipu. Chanzo: watu kumi na mmoja, kina cha futi nne, wanageuka kuelekea kaskazini. Walianza: 22 Mei. Watamaliza: 18 Novemba. Hatari kwa binadamu na majengo: ndogo sana.

Hapo Ardo aliacha kupiga.

"Bwana, naomba uandike kubwa."

"Si kubwa. Vikombe havitikisiki hata hapo hapo juu yake."

"Nimekaa na ofisi hizi tangu nimalize chuo," alisema, na safari hii sauti ilitoka nzima. "Kitu kidogo hakipelekewi gari. Darasa langu lilivuja miaka miwili kwa sababu mwalimu mkuu aliandika linavuja kidogo. Ukiandika ndogo, watatia kabatini. Ukiandika kubwa, wataleta watu na sepetu waangalie kuna nini. Wakichimba, watawaona."

Dhulgariir alivua miwani, akaifuta kwa shati. Alimtilia shaka tena, ilionekana usoni. Hakuwa amewahi kuongeza wala kupunguza kipimo katika maisha yake. Lakini alikuwa na dada kwao bara, na labda alimkumbuka. Alichukua kalamu, akaandika: kubwa. Kwa adabu ya kazi aliongeza: inafaa kuchunguzwa mara moja.

Usiku huo Ardo alilala kama mtu aliyeshusha mzigo.

Kapteni alikuja Jumatano, na askari wawili. Alikuwa mtu wa tabasamu dogo. Hakuketi. Kwanza aliamuru mtambo ufunguliwe, kwa kuwa aliyetaja Laga Gaduud lazima ameambiwa na mtu, na mtu huyo lazima amepitia redioni. Mle ndani mlikuwa na sumaku, springi na vipande vya risasi vya kutia uzito. Alivigusa kimoja kimoja. Akageukia ripoti, akaisoma yote akiwa amesimama, na alipofika penye chanzo hakushtuka.

"Nani amewaambia mahali hapa?"

"Maduara matatu," alisema Dhulgariir.

"Mzaliwa wa wapi?"

"Ni hesabu, Kapteni. Garissa, Wajir, Mandera."

"Garissa, Wajir na Mandera zikikubaliana jambo, mimi naanza kuogopa." Tabasamu lilipita. "Na kumi na mmoja? Idadi ameisema nani?"

Dhulgariir alisukuma mbele karatasi na kioo. Kapteni aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikienda polepole. Ardo alikuwa amesimama ukutani, vidole vyeusi ameviweka nyuma.

"Kumi," alisema Kapteni. Akangoja. "Na mmoja. Hesabu yenu ni sahihi."

Nje punda wa maji alipita, na sindano zote mbili zikamwandika.

"Huyu wa mwisho ni nani?" Kapteni aliuliza, bado ameinama, kama mtu anayeulizia habari za jirani.

Ardo alifungua mdomo. Rage, mlangoni, alikohoa kikohozi kikavu cha mtu asiye na kikohozi.

"Ni mzito wa kuamka," alisema Ardo.

"Hm," alisema Kapteni. Akachukua kalamu yake nyekundu. Palipoandikwa watu alipiga mstari, akaandika mawe. Tarehe hakuzigusa. Neno kubwa hakuligusa. Alilizungushia duara, akaonekana kuridhika nalo. "Bwana mtaalamu, umenisaidia. Nilikuwa nakosa sababu nzuri. Sasa ninayo, na ni ya kisayansi."

Baada ya siku tatu tangazo lilibandikwa sokoni, msikitini na kwenye geti la hospitali. Liliandikwa kwa Kiswahili na Kisomali, na Ardo ndiye aliyelipiga taipu, nakala arobaini. Lilisema kwamba kwa mujibu wa wataalamu, Laga Gaduud na maili kumi kuizunguka ni eneo la hatari kubwa ya tetemeko la ardhi. Kwa usalama wa wananchi, hakuna mtu wala mnyama atakayeingia. Atakayekutwa humo atapigwa risasi, kwa usalama huohuo.

Kulikuwa na akina mama kumi na mmoja mjini waliokuwa wameshaanza kushona sanda kimya kimya, maana neno lilikuwa limetoka kwa Timiro, kwa jirani, kwa jirani wa jirani. Walisoma tangazo, au walisomewa, wakazikunja zile sanda. Wanawake walioshuku vidole vya Ardo hawakumshuku tena. Walijua kwa hakika alichoandika. Mmoja wao, Shurie, ambaye mume wake alikuwa katika wale kumi, alimkuta kisimani.

"Naa Ardo. Lile neno kubwa. Wanasema ni lako."

"Ni langu, eeddo," alijibu Ardo, kama mtu anavyomjibu shangazi.

"Ungeliacha dogo," alisema Shurie bila hasira, akamsaidia kuinua dumu begani. "Mahali pa hatari ndogo tungejipenyeza."

Rage alihamishwa kwenda kulinda uzio wa eneo lile, pamoja na dubas wengine. Alirudi mara moja mwezi wa Oktoba kuchukua posho ya unga, akasimama mlangoni pake pa zamani kama mgeni.

"Nimewaona," alimwambia Ardo. "Si wao. Mchanga. Wakati wa swala unainuka kidogo, hivi, kama shuka la mtu anayegeuka upande. Halafu unatulia. Sisi wa lindo tunajipanga nyuma yao. Imamu hatuna, lakini safu imenyooka."

"Na wa mwisho, adeer?"

"Ah, yule!" Rage alicheka kwa mara ya kwanza tangu ramani ile. "Tunamngoja. Kuna kijana mmoja wa kwetu hutaka kuanza bila yeye, ninamwambia subiri, waryaa, mwenzako bado anavuta shuka."

Rage alipokwisha kwenda Ardo alilia, akaangalia machozi yasidondokee karatasi.

Ijumaa ya tarehe kumi na nane Novemba Dhulgariir na Ardo walikaa mbele ya mtambo tangu mchana. Adhuhuri sindano ya mashariki na magharibi ilisogea kiasi cha unywele. Alasiri ilisogea nusu ya unywele. Isha haikusogea kabisa. Ile ya kaskazini na kusini ndiyo iliyoandika peke yake, mikwaruzo kumi, na baada ya sekunde nane, kuchelewa kuliko kote, mmoja. Kisha sindano zote mbili zilikwenda moja kwa moja juu ya masizi, na asubuhi mstari ulikuwa bado umenyooka. Dhulgariir alitia sahihi kwamba utabiri umetimia kwa siku, kwa saa na kwa dakika. Mwezi haukuisha kabla hajapata barua ya pongezi na uhamisho wa kupandishwa cheo. Alimwonyesha Ardo ile barua huku akitazama viatu vyake.

"Hatari imekwisha," alisema Ardo. "Umeandika mwenyewe. Waambie wafungue."

"Niliwaambia jana."

"Wakasema?"

"Kapteni alisema utabiri ulihusu mwisho wa tetemeko. Mwisho wa uzio haukutabiriwa."

Sheikh wa Waberi alikuwa amekataa hadi hapo kuwasalia wafu wale waliokuwa mbali. Alisema si adabu kumsalia mtu ambaye bado anajiweka sawa. Sasa alikubali. Kwa kuwa mkutano wa zaidi ya watu watano ulikuwa marufuku, lile jeneza lisilokuwepo lilisaliwa watano watano, siku nzima, katika nyumba kumi na moja, na askari wa doria walipita njiani wakihesabu viatu milangoni. Hakuna nyumba iliyozidisha.

Alhamisi, tarehe ishirini na nne, Timiro alijifunga shuka lake jeusi akaenda ofisini, na Ardo akamsindikiza. Foleni ilikuwa ndefu. Walipofika dirishani, karani Duale, mtu wa palepale mjini, mtoto wa mama aliyejulikana, alichukua fomu kutoka kwenye bunda bila kumtazama mtu. Kisha alimtazama.

"Assalaam aleykum, eeddo Timiro. Jina la mtoto?"

"Wa aleykum salaam. Dagane. Unalijua."

"Lazima niulize. Yuko wapi?"

"Laga Gaduud," alisema Timiro. "Maili arobaini kutoka mlangoni kwangu. Futi nne chini. Analalia ubavu wa kulia na uso wake uko kibla tangu Ijumaa, saa ya isha."

Duale aliitikia kwa kichwa. Kalamu ilikuwa mkononi. Nyuma yake, juu ya kabati, ripoti ya mtaalamu ilikuwa katika jalada la kijani, na kila aliyefanya kazi mle ndani alikuwa ameisoma.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ya chini. "Watu walisema watamaliza salama." Akaikagua fomu juu hadi chini, na Ardo, aliyekuwa amesimama pembeni, aliona kama anatafuta kitu humo kwa dhati. "Eeddo, hapa pana nafasi mbili tu. Yupo nyumbani. Amevuka mpaka."

"Nyumbani hayupo," alisema Timiro.

"Hayupo," alikubali Duale, na kalamu ikashuka kwenye nafasi ya pili.

Aliandika. Akafungua kile kijibati cha wino, akakisogeza karibu, akamshika mama yule mkono kwa upole, kama mtu anavyomshika mzazi wake, akalibonyeza dole gumba mahali pake. Akampa kitambaa cha kujifutia.

"Alhamisi ijayo njooni mapema," aliwaambia. "Kabla jua halijawa kali."